Ruta sita, linki saba na muembe moja: shajara ya rezo yetu ya Lubumbashi

Tarehe 14 mwezi wa 9

Naanza kuandika hii shajara juu kila mara nikigusa kitu ku rezo (mtandao wetu wa intaneti) nasahau nimegusa nini, na mwezi uliopita nilipoteza nusu siku natafuta nani aliandika njia fulani ya kijinga ku ruta ya Kamalondo, kumbe ni mimi.

Hali iko hivi. Tuko na ruta 6 (ruta ni kifaa cha kuchagulia data njia ya kupita), MikroTik zile ndogo za mezani, kila moja na batri yake na paneli yake juu kuran ya hapa kila mtu anaijua tabia. Ya kwanza iko ku biro mu mji, pale fibri inaingilia. Ya pili Kamalondo, juu ya duka. Ya tatu Kenya kwa yaya fundi wa kushona (Kenya komini yetu, si Kenya ya Nairobi, nasema mapema juu kuna mtu aliniulizaka kama inaomba viza). Ya nne kwetu Katuba. Ya tano Kampemba, pale tumeweka modemu ya 4G ya akiba. Ya sita Ruashi, ku masomo (shule). Kati yao kuna linki 7 za anteni za 5 GHz, bati kwa bati: Biro na Kamalondo, Kamalondo na Kenya, Kenya na Katuba, Katuba na Kamalondo, Kenya na Kampemba, Kampemba na Biro, halafu Kampemba na Ruashi ambayo iko peke yake kama mtoto wa pekee.

Ukichora ku karatasi unaona kila nyumba isipokuwa Ruashi iko na njia mbili za kutokea. Ni ku karatasi tu lakini. Njia zote niliziandika kwa mkono, ruta moja moja, "ukitaka kwenda kule pitia huyu", na ruta inafata vile ulimuandikia hata kama huyo wa kupitia alishakufa tangu asubuhi. Nachotaka sasa: linki ikikufa, pakiti (vipande vya data) zijitafutie njia ingine zenyewe, bila mimi kupanda bati usiku na tochi mu mdomo.

Tarehe 21

Siku ya posho. Leo nimeelewa vizuri kwa nini njia za mkono zinatudanganya, na si kwa sababu niliyokuwa nadhani.

Anteni ya Kamalondo ilizimika karibu saa nne asubuhi. Kwetu Katuba intaneti ikakata. Nikaingia ku ruta, nikaangalia jedwali la njia, kila kitu kizuri, njia iko hai, mlango (pale kebo inachomekwa) uko hai. Nikakaa nashangaa. Halafu nikaangalia kebo. Ruta yangu haiongee na Kamalondo moja kwa moja, inaongea na anteni yangu mwenyewe iko juu ya bati, kwa kebo ya mita 8 hivi. Ile kebo ni nzima, taa ya mlango ni ya kijani, kwa hiyo ruta inajua tu kwamba mita 8 za kwanza ziko sawa. Kilomita zinazofuata hewani yeye hazimuhusu. Anatupa pakiti mule kwa roho safi na zinapotelea mbele.

Ingekuwa kebo moja kutoka ruta mpaka ruta, ikikatika taa inazimika na hata njia ya mkono inatoka ku jedwali. Na anteni katikati haiko vile. Kujua njia si kazi kubwa, mimi ninaweza kumuandikia njia mia. Kazi ni kujua kwamba njia imekufa wakati taa bado inawaka.

Tarehe 28

Nimeanza na RIP, lugha moja ya ruta kuambizana njia zenyewe, juu ni ya zamani na inaeleweka haraka (iliandikwa rasmi mu 1988 lakini mawazo yake ni ya zamani kuliko hapo). Sikuiweka ku ruta za kweli, nimeunda ruta tatu za uongo ndani ya laptopu na programu ya FRR.

RIP inatumika kama habari za mu bisi. Kila sekunde 30 ruta inawaambia jirani zake jedwali yake yote: mimi naweza kufika kule kwa ruta 1, kule kwa 2, kule kwa 3. Jirani anaongeza 1 na anaandika kwake. Hakuna mwenye kuona mji muzima, kila mtu anajua paka kile jirani amemuambia, na jirani naye alisikia kwa jirani yake. Mwisho ni 15. Ukifika 16 maana yake ni "hakufikiki". Na jirani akinyamaza, unamngoja sekunde 180 kabla ya kusema njia yake imekufa. Dakika tatu nzima! Mu dakika tatu mama wa Kenya ameshanipigia mara mbili.

Nilitaka kuona ule ugonjwa wake wa kuhesabu. Nikapanga A, B, C kwa mstari, nikatoa ile kinga inayomkataza ruta kumrudishia jirani habari aliyoitoa kwake mwenyewe, halafu nikamukata C. Mara ya kwanza haikutoka kitu, juu B aliwahi kusema "C hakufikiki" na A akakubali. Mara ya pili vile vile. Inabidi A aseme kwanza. Mara ya nne njo ikatoka: C amekufa, B anatafuta, A anamuambia "mimi naweza kufika kwa C kwa 3", na A huyo alikuwa anapitia kwa B mwenyewe! B anafurahi, anaandika 4. A anasikia 4, anaandika 5. B 6. A 7. Nikawa naangalia namba zinapanda ku ekra, 8, 10, 12, bantu wawili wanauziana ngombe moja aliyekufa na kila mmoja anaongeza bei, mpaka 16 ikafika wakanyamaza.

Nilicheka peke yangu mu chumba. Mdogo wangu akasema nimechoka, nilale.

Na kuna kitu kingine kinanitosha kuiacha: RIP inahesabu ruta tu, haijue upana wa njia. Katuba kwenda Kamalondo ni linki moja lakini inapita karibu na miti, Katuba–Kenya–Kamalondo ni linki mbili safi kabisa. RIP atachagua ya miti kila siku ya Mungu.

Tarehe 5 mwezi wa 10

OSPF, lugha ingine ya ruta kuambizana njia. Hapa mambo ni tofauti kabisa na ilinichukua jioni mbili kuingiza mu kichwa.

Ruta hazipeani tena majibu, zinapeana ramani. Kila moja inatangaza kitu kidogo tu kuhusu yeye mwenyewe: "mimi ni Kenya, jirani zangu ni Kamalondo kwa bei 10, Katuba kwa bei 10, Kampemba kwa bei 10" (bei si feza, ni namba ya kupimia njia, ndogo njo nzuri). Ile tangazo inapita kwa kila ruta bila kubadilishwa hata herufi. Mwisho wote sita wako na ramani moja sawasawa, na kila mmoja anakaa chini kivyake anahesabu njia ya bei ndogo kuanzia pale yeye yuko. Hakuna "nimesikia kwa fulani".

Hesabu yenyewe ni ya Edsger Dijkstra, Muholanzi. Aliifikiria mu 1956 akiwa amekaa ku kafe ya Amsterdam na mchumba wake, bila karatasi, kwa dakika 20 hivi, akaichapisha mu 1959. Mfano wake ulikuwa kutoka Rotterdam kwenda Groningen. Mimi nimeifanya na biki nyuma ya fakture, kutoka Katuba kwenda biro, ikanichukua saa nzima na nilikosea mara moja.

Ramani moja kwa wote iko na hatari yake pia, uongo ukiingia wote wanauamini. Tarehe 27 mwezi wa 10 mu 1980, ARPANET, mama ya intaneti, ililala kwa masaa juu tangazo zenye namba zimeharibika ziliingia na mashine zikawa zinazizungusha bila mwisho. Mu OSPF ya leo kila tangazo iko na umri: mwenyewe anairudia kila nusu saa, na ikifika sekunde 3600 bila kurudiwa inatupwa.

Na kuhusu kufa: kila ruta inapiga hodi kwa jirani kila sekunde 10. Jirani asipobisha kwa sekunde 40, amekufa, hata kama taa ni ya kijani. Hodi inapita hewani mpaka upande wa pili, si mita 8 tu za kebo. Hii njo nilikuwa natafuta.

Tarehe 12

Nimeweka OSPF ku ruta tano. Nne zimekamatana ndani ya dakika moja, na kuona neno "Full" (wameshapeana ramani yote) linatokea ni raha, sijui niseme nini. Kampemba akagoma. Anaonana na Kenya, wanasalimiana, halafu wanakwama ku ExStart, hatua ya kuanza kupeana ramani, wanarudi nyuma, wanaanza tena, vile vile usiku muzima.

Kabla sijaendelea, nawaachia hii mtu yeyote mwenye kukwama pale: angalia MTU, ukubwa wa mwisho wa pakiti mlango unabeba. Upande moja ilikuwa 1500, upande mwingine 1492, mabaki ya mpango wa zamani. Hodi ni ndogo zinapita, lakini wakitaka kupeana ramani kila mmoja anasema ukubwa wa pakiti anazobeba, hazilingani, basi hakuna ramani. Nikaweka 1500 pande zote, sekunde chache "Full". Masaa matatu kwa namba moja. Tena nimeweka linki zote kuwa za watu wawili, si za kikundi, ili wasipoteze muda kuchagua mkubwa wao wakati wako wawili tu.

Bei nazo niliandika mwenyewe, juu hizi ruta zinaanza na bei 1 kwa kila mlango, iwe kebo ya gigabiti ao anteni mgonjwa. Cisco, kampuni ingine ya ruta, wanagawanya megabiti 100 kwa kasi ya mlango, lakini kwa hesabu hiyo gigabiti na megabiti 100 zote zinapata 1, basi na wao wanaishia kuandika kwa mkono.

Tarehe 19

Linki ya Kenya–Katuba nimeizima kwa makusudi, nione kama pakiti zitazunguka kwa Kamalondo. Hazikuzunguka, zikaanza kucheza dansi. Traceroute (programu ya kuonyesha ruta pakiti inapitia) inaonyesha Kamalondo, Kenya, Kamalondo, Kenya, Kamalondo, mpaka chini ya ekra.

Ile njia ya kijinga ya mwezi wa 8! Bado ilikuwa mule. Kamalondo alikuwa na mstari wa mkono unasema "Katuba pitia Kenya", na ya mkono iko na umbali 1, ya OSPF iko na 110, mwenye umbali mdogo anasikilizwa. Kenya kwa upande wake alishajua kwa OSPF kwamba linki imekufa, anasema Katuba pitia Kamalondo. Kwa hiyo mmoja anajua ukweli na mwingine anafata barua ya zamani, na pakiti inarushwa katikati yao kama mpira. Kila pakiti inatoka na TTL, namba ya maisha yake, kwetu ilikuwa 64, kila ruta inatoa 1, ikifika sifuri inatupwa. Bila ile, zingekuwa zinarushwa mpaka leo.

Nimepita ku ruta zote na kufuta mistari yote ya mkono isipokuwa ya kutokea nje. Nilipata 11. Kumi na moja! Baadhi sikumbuki hata nilikuwa nafikiria nini.

Nikazima tena linki: sekunde 38, pingi (pakiti ndogo ya kuuliza "uko?") ikarudi yenyewe. Hakuna mtu amepanda bati.

Tarehe 9 mwezi wa 11

Mvua zimeanza kweli kweli na kila mtu ananiambia mvua inakula anteni. Kwa 5 GHz na umbali wetu mdogo, matone yenyewe hayafanye kitu kikubwa, hayo ni mambo ya masafa ya juu, kuanzia 10 GHz kwenda juu. Shida yetu ni majani. Kati ya Katuba na Kamalondo kuna muembe mkubwa, wakati wa kiangazi linki inapita pembeni yake, sasa umejaza majani, majani yako na maji, na maji yanakunywa ishara. Tena batoto wanarusha mawe kutafuta maembe, sijui siku gani jiwe litapata anteni.

Pingi inaonyesha pakiti 20 kwa 100 zinapotea. Na OSPF anasema "Full", bei 10, njia nzuri kabisa, pitieni huku. Nikakasirika, halafu nikachukua kalkuleta. Ili jirani ahesabiwe amekufa, inabidi hodi 4 zipotee mfululizo. Kama kila moja iko na nafasi 20 kwa 100 ya kupotea, nne pamoja ni 0.2 × 0.2 × 0.2 × 0.2, ni 0.0016. Linki inayoua vidio na simu, kwa OSPF ni jirani mzima mwenye kikohozi kidogo. Hodi haiulize "unabeba vizuri?", inauliza "uko?".

Niliandika bei 100 ku linki ya muembe, pande mbili. Sasa Katuba inapitia Kenya kwa bei 20, na ya muembe inabaki ya akiba. Simu zikatulia dakika ile ile.

Tarehe 16

Ujinga wangu wa wiki. Sekunde 40 ziliniuma, nikasema nipunguze: hodi kila sekunde 2, kifo kwa sekunde 8. Hizi namba lazima zilingane pande mbili, zisipolingana jirani wanakataana kabisa. Mu duara, kwa zile ruta tano zenye njia ya nyuma, hakuna shida, nikibadilisha upande wa kwanza linki inakufa, pakiti zinazunguka nyuma, naingia kwa upande wa pili nabadilisha, wanakamatana tena. Nikafanya linki sita vile, najisifu. Ya saba ni ya Ruashi. Nikabadilisha upande wa Kampemba kwanza bila kufikiri. Ruashi haina njia ya nyuma. Kimya.

Nikapanda moto (pikipiki), mvua inanyesha, nikafika masomo nimelowa, mzee mlinzi ananiangalia: "Papa fundi, leo tena?" Nikamujibu, "Ndiyo papa, leo tena." Nikafungua laptopu, na pale pale njo nikakumbuka kwamba ningeweza kuingia ku ruta ya Kampemba na kutoka pale kwenda Ruashi kwa anwani ya linki yenyewe, juu hao wawili wanaonana bila kuhitaji njia yoyote ya kufundishwa. Sikumuambia mzee.

Tena kuna matokeo sikuyatarajia: linki ya muembe sasa inakufa na kufufuka siku nzima. Hesabu ni ile ile. Kwa hodi ya sekunde 10 ni hodi 8640 kwa siku, kama zinapotea ovyo ovyo utapata vifo karibu 11. Kwa hodi ya sekunde 2 ni hodi 43200, vifo karibu 55. Na kila kifo wote sita wanachora ramani upya. Nimerudisha 10 na 40 kwa ile moja, zingine nimeacha 2 na 8.

Tarehe 30

Fibri ya mu mji imekatwa. Inasemekana kuna bantu walichimba wanatafuta shaba. Mu mji wa shaba mtu anakata kebo ya kioo, haina hata gramu moja ya kuuza, anaiacha pale anaenda.

Nilikuwa natarajia Kampemba achukue mzigo na 4G. Hakuchukua. Biro bado alikuwa anatangazia wote "mtu akitaka kwenda nje apitie kwangu, bei 10", na Kampemba na bei yake ya 50 hakuna anayemusikiliza. Kwa nini Biro hakujua? Juu nilimuambia apige pingi kwa kifaa cha mwenye fibri, na kifaa chenyewe kiko ukutani ndani ya biro, mita mbili, kiko na kuran, kinajibu vizuri sana. Ni mita 8 za kebo tena, ni kosa lile lile nililoandika hapa tarehe 21 mwezi wa 9, na nimelirudia.

Sasa Biro anapiga pingi kwa 1.1.1.1 na 8.8.8.8, anwani mbili za nje ku intaneti, kwa kupitia fibri peke yake, zikinyamaza zote mbili anaondoa njia ya nje, na akishaiondoa kwake anaacha kuitangaza. Nimejaribu kwa kuchomoa fibri: sekunde 20 na kitu, wote wamehamia Kampemba. Simu za WhatsApp zilizokuwa hewani zinakatika, hiyo siwezi kuiponya, juu anwani ya nje inabadilika na kule ngambo hawakutambui tena, unapiga upya.

Forfe ya giga 20 ya 4G iliisha kabla ya bukari ya jioni. Simu za bantu ziliona intaneti zikaanza kushusha vidio kama kawaida. Kwa hiyo kuna kazi mpya: Kampemba akishika mzigo, vidio zifungwe, ujumbe na sauti tu zipite.

Tarehe 14 mwezi wa 12

Wiki mbili bila kupanda bati. Kuran ilikatika Kamalondo mara tatu na batri ya pale imechoka, ruta ilizimika, watu wa Katuba na Kenya hawakujua kitu, mimi nimeona tu ku logi.

Nilienda kumuona mama mwenye muembe, nikamueleza kwa heshima kama tunaweza kupunguza matawi mawili ya upande wa Kamalondo. Akaangalia juu, akaangalia mie. "Mwanangu, na haya maembe utakula weye?" Nirudi mwezi wa pili, yakiisha. Amenipa ndoo nusu. Bei ya linki inabaki 100.